Mtoto akitishiwa kwenye simu, atakuambia?

Leo siongei juu ya presha wala kisukari. Nataka tuongee juu ya simu za watoto wetu, na msishangae kwamba habari hii inaletwa na muuguzi, kwa sababu siku hizi mambo ya simu yanatufikia kliniki yakiwa yamejificha ndani ya maumivu ya tumbo.

Siku moja alikuja mama mmoja wa kwetu na mwanawe wa kiume wa miaka 15. (Nimebadilisha baadhi ya mambo ili wasijulikane.) Kwa wiki tatu mtoto alikuwa akilalamika tumbo kila asubuhi, kichwa kinauma, usiku halali, chakula anakigusa tu na kukiacha. Mama alishampa mwarobaini, alishamsomea dua, na vipimo vya damu vilirudi vizuri. Nikamwomba mama atupishe kidogo, jambo ambalo hapa Uingereza ni la kawaida kwa mtoto wa umri ule. Nikamuuliza kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama ilivyo kawaida ya watoto wetu, macho yako sakafuni. Ilichukua muda. Mwishowe akasema kuna msichana walijuana kwenye Instagram, wakatumiana picha, na dakika chache baadaye yule msichana akabadilika. Alitaka pauni 200, la sivyo picha ya utupu ya huyu mtoto ingetumwa kwa wanafunzi wenzake wote na kwa shangazi zake. Mtoto alikuwa ameshanunua kadi za zawadi za dukani za pauni 60, pesa zake za Idi, na kutuma namba zake. Bado walikuwa wanamdai.

Nikamuuliza anaogopa nini zaidi. Nilidhani atasema picha kusambaa. Akasema, "Anti, namwogopa baba."

Nimelifikiria sana jibu lile. Yule tapeli alikuwa mbali, wala asingeweza kumgusa. Kilichomfanya mtoto akae kimya wiki tatu ni kwamba hakuona njia ya kulisema lile jambo nyumbani kwao. Na baba yake si mtu mbaya. Ni baba kama sisi sote.

Utapeli huu unavyokwenda

Anayeandika si msichana. Ni mtu mzima, mara nyingi ni kikundi cha watu walioifanya hii kuwa kazi yao, na wanaweza kuwa bara jingine kabisa. Wanafungua akaunti kwa picha za msichana walizoiba mahali. Kwanza wanaomba urafiki kwa wanafunzi kadhaa wa shule moja, ili wakimfikia mtoto wako aone "marafiki 12 mnaofahamiana" na aamini kwamba ni mtu wa hapo hapo mtaani. Wanachati naye kidogo, mara nyingi usiku, kisha wanamhamishia Snapchat kwa sababu huko mtoto anaamini picha inafutika. "Msichana" anatuma picha yake kwanza. Halafu anaomba na yeye atume.

Akishatuma, mambo yanageuka ndani ya dakika chache. Anarudishiwa picha yake ikiwa imebandikwa pembeni ya orodha ya wafuasi wake: majina ya binamu, ya mwalimu wa mpira, ya rafiki wa msikitini au kanisani. Anaambiwa ana nusu saa. Lengo la haraka hii ni kumnyima mtoto nafasi ya kufikiri na nafasi ya kwenda kumwamsha mtu. Na akilipa haiishi, kwa sababu kulipa kumewaonyesha kwamba huyu analipa.

Si mambo ya nadra. Mwezi Aprili 2024 shirika la kupambana na uhalifu mkubwa la hapa Uingereza, NCA, lilituma onyo kwa walimu nchi nzima juu ya utapeli huu, likieleza kuwa wengi wa wanaoathirika ni wavulana wa kati ya miaka 14 na 18. Julai mwaka huo huo kampuni ya Meta ilisema imefunga akaunti za Instagram zipatazo 63,000 zilizokuwa zikihusika na utapeli wa namna hii kutoka Nigeria peke yake. Kule Michigan, Marekani, kijana wa miaka 17 alijiua Machi 2022, saa chache tu tangu aanze kutishiwa. Vijana wawili wa Nigeria, ndugu wa damu, walipelekwa Marekani kwa kesi hiyo, na mwaka 2024 wakahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka 17 kila mmoja. Naandika hili bila kutaka kuwatia hofu, ila mjue kwamba mtoto anapokuwa ndani ya hali hii tunahesabu saa, hatuhesabu wiki.

Wasichana nao hutishiwa, lakini kwao mara nyingi kinachotakiwa si pesa bali picha zaidi, na anayetaka anaweza kuwa mtu aliyejifanya mchumba. Siku hizi tena msichana hahitaji hata kutuma kitu. Mwaka 2023 katika mji wa Almendralejo, Hispania, wasichana zaidi ya 20 walikuta picha zao za utupu zinazunguka, nao hawakuwahi kupiga picha hizo. Wavulana wa shuleni kwao walichukua picha zao za kawaida wakazivua nguo kwa programu ya akili bandia. Kwa hiyo neno la "ungejiheshimu yasingekukuta" halina msingi, na mtoto akilisikia kwako mara moja anakumbuka.

Ikiwa imeshatokea

Msilipe. Kama mmeshalipa, msilipe tena. Mtoto aache kujibu, lakini asifute mazungumzo. Zipigwe picha za kioo cha simu zinazoonyesha jina la akaunti, vitisho na namba za malipo, kisha huyo mtu abloku. Ile picha yenyewe ya mtoto usiihifadhi kwenye simu yako na usimtumie mtu yeyote, hata mjomba wake unayetaka ushauri wake. Kwa sheria za hapa, picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa kuwa nayo na ni kosa kuituma, na nia njema inaweza isikuokoe.

Halafu mripoti. Polisi ni namba 101, na kama kuna hatari ya sasa hivi ni 999. Pia kuna kitengo cha NCA kinachoitwa CEOP, ambacho kinapokea taarifa za watoto kupitia tovuti yake. Watu wengi wanaogopa kwamba mtoto atashtakiwa kwa kutuma picha yake mwenyewe. Mtoto anayetishiwa hivi anachukuliwa kuwa ndiye aliyetendewa uhalifu.

Kuhusu kuzuia picha isisambae, Childline na Internet Watch Foundation wana huduma ya bure inayoitwa Report Remove. Mtoto mwenyewe anaingia kwenye tovuti ya Childline na kuipeleka picha hapo. Inachukuliwa alama ya kidijitali, mfano wa alama ya kidole, na alama hiyo inapelekwa kwa kampuni za mitandao ili mtu akijaribu kuipandisha picha ile ikataliwe. Haiwezi kufuta picha iliyo ndani ya simu ya mtu, lakini inafunga milango mingi. Mlioko Marekani mna kituo cha NCMEC, namba 1-800-843-5678, nacho kina huduma kama hiyo iitwayo Take It Down, ambayo hata walio nchi nyingine wanaweza kuitumia.

Najua wapo miongoni mwetu wanaosita kupiga simu polisi kwa sababu ya makaratasi, au kwa hofu ya ustawi wa jamii. Nasikia sana, "Watanichukulia watoto." Kutoa taarifa kwamba mtoto wako ametapeliwa si kukiri kosa la malezi. Lakini kama hofu hiyo bado inakushika, basi angalau mtoto apige mwenyewe Childline, 0800 1111. Ni bure, haionekani kwenye bili ya simu, na halazimishwi kutaja jina lake.

Na kama mtoto anasema hataki kuishi, au unamwona amenyamaza namna usiyoizoea, usimwache peke yake usiku huo. Ikiwa kuna hatari piga 999 au nenda naye idara ya dharura ya hospitali. Hapa England unaweza kupiga 111 na kuchagua namba 2, utaongea na watu wa afya ya akili saa yoyote.

Kwa nini hawatuambii

Hapa ndipo penye uzito, na ni sisi wenyewe. Mtoto wa mhamiaji ndiye mkalimani wa nyumba. Anasoma barua za halmashauri, anajaza fomu za shule, anapiga simu kampuni ya umeme akijifanya baba yake. Simu zetu yeye ndiye alizifungua, neno la siri la intaneti analijua yeye. Kwa mambo ya mtandao tumemwachia ufunguo wa nyumba, kisha tunashangaa hatujui nani anaingia. Na yeye anajua kwamba hatujui, kwa hiyo anaona hakuna faida ya kutuuliza.

Kisha kuna maneno yetu. "Nitaivunja hiyo simu." "Nitakurudisha nyumbani ukakae na bibi yako uone." Nimeyasema na mimi, tena zaidi ya mara moja. Tunaona ni maneno ya hasira yanayopita, lakini mtoto anayahifadhi kama bei ya kusema ukweli. Kumnyang'anya simu hasa ndiko wanakokuogopa, kwa sababu kwao simu ndimo marafiki wote walimo. Mtoto akijua kwamba akisema atanyang'anywa, atavumilia mambo mazito sana kabla ya kusema.

Kwa hiyo kabla hujasoma juu ya mipangilio yoyote, mwambie mwanao sentensi moja na umwambie mkiwa hamjagombana, labda kwenye gari au mnapoosha vyombo, mahali ambapo hamtazamani uso kwa uso: "Hata ukifanya kosa gani huko mtandaoni, njoo kwangu kwanza. Naweza kukasirika, lakini simu sikunyang'anyi kwa sababu umeniambia." Kisha uitimize ahadi hiyo hata kwa mambo madogo, maana atakujaribu kwanza kwa dogo. Atakuambia kuna mtu kamtukana kwenye gemu, aone utafanya nini.

Yule baba alikuja siku ya pili. Mtoto nilishamweleza kwamba siwezi kuficha jambo la namna ile, na tulikubaliana niwepo atakaposema. Baba alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya muda mrefu hadi nikaanza kuwa na wasiwasi. Halafu akamuuliza mwanawe, "Wiki tatu hizi zote ulikuwa unalala saa ngapi?" Mtoto akalia.

Na sisi tunafundishwa na nani?

Mwezi Februari 2019 nilipokea kwenye kundi la WhatsApp la kina mama onyo kuhusu kiumbe kinachoitwa Momo, uso wa kutisha wenye macho makubwa, kwamba kinajitokeza katikati ya katuni za YouTube na kuwaambia watoto wajidhuru. Mimi, muuguzi mwenye vyeti vya nchi mbili, nililisambaza kwenye makundi matatu kabla chai haijapoa. Shule zilituma barua, magazeti yakaandika. Binti yangu ndiye aliyenionyesha kwamba ule uso ni sanamu iliyotengenezwa Japan na msanii Keisuke Aiso mwaka 2016. Mashirika ya watoto yalisema hayakuona ushahidi wa mtoto aliyedhurika na kitu hicho. Kilichowatisha watoto hasa ni sisi wazazi tuliowaonyesha ile picha tukiwauliza kama wameiona.

Hiyo tunaweza kuicheka. Nyingine haichekeshi. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha makala ya daktari Andrew Wakefield, juu ya watoto 12 tu, iliyowafanya watu waamini kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inaleta usonji. Makala ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na mwaka huo huo Wakefield akafutwa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Uchunguzi mkubwa wa nchi mbalimbali haukuona uhusiano wowote. Lakini habari ile iliendelea kutembea, na iliwafikia ndugu zetu Wasomali wa Minnesota, Marekani. Mwaka 2004 watoto wao wadogo waliochanjwa walikuwa asilimia 92, na kufikia 2014 walikuwa asilimia 42. Mwaka 2017 surua ikawaingia, wakaugua watu zaidi ya 70, wengi wao watoto wa Kisomali.

Naleta habari hii hapa kwa sababu mtoto hujifunza kupima habari kwa kutuangalia sisi tunavyozipokea. Ukipokea video ya mtu aliyevaa koti jeupe anayesema tangawizi inaondoa saratani, usiisambaze na usiifute kimya kimya. Mwite mwanao mwitazame pamoja. Huyu ni nani? Amejuaje? Anauza kitu? Kuna mahali pengine pa kuaminika wamesema hivyo hivyo? Yeye atakuonyesha namna ya kutafuta picha ilikotoka, wewe utamwonyesha kwamba mtu mzima anaweza kusema "nilidanganyika". Maswali hayo hayo manne ndiyo atakayoyahitaji siku msichana mzuri asiyemjua atakapomwambia anampenda baada ya dakika kumi.

Na picha tunazopandisha wenyewe, jamani. Siku ya kwanza ya shule mtoto amesimama mlangoni, sare ina nembo ya shule, namba ya nyumba iko nyuma yake, na mama ameandika jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa. Shangazi wa Dar anaisambaza, wa Muscat anaisambaza. Muulize mtoto kabla ya kupandisha. Mkubwa mara nyingi atakataa, na umkubalie.

Umri, mipangilio na usingizi

Instagram, TikTok na Snapchat zinataka mtoto awe na miaka 13, na WhatsApp nayo hapa Uingereza na Ulaya ilishushwa kutoka 16 hadi 13 mwezi Aprili 2024. Australia wameamua miaka 16 kwa mitandao mingi ya kijamii kuanzia Disemba 2025. Hapa, tangu Julai 2025, tovuti za picha za ngono zinatakiwa kisheria kuhakikisha umri wa anayeingia. Ni vizuri, ila watoto wanajua njia za kuzunguka, hivyo msiitegemee sheria peke yake.

Jambo moja tu la mipangilio nawaomba mlikague kwa macho yenu, nalo ni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye akaunti. Watoto wengi walifungua akaunti wakiwa na miaka 9 au 10 kwa kuandika mwaka wa uongo, wakati mwingine mwaka wa mama. Leo mtoto ana miaka 14 lakini Instagram inamwona ana 24. Tangu Septemba 2024 kampuni hiyo inawawekea vijana akaunti za ulinzi, zinazofungwa zisionekane na kila mtu na zisizopokea ujumbe kutoka kwa wasiowajua, lakini ulinzi huo unafuata umri ulioandikwa. Mwambie akuonyeshe. Ikiwa ni uongo, msigombane, mrekebishe pamoja. Kisha hakikisheni orodha ya wafuasi na marafiki haionekani na wageni, kwa sababu orodha hiyo ndiyo silaha ya matapeli.

Usingizi: watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji saa 9 hadi 12, wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Simu zote zichajiwe jikoni au sebuleni usiku, na ya kwako pia, maana ukiwa na simu kitandani huna la kumwambia. Anayesema anaihitaji iwe saa ya kumwamsha, mnunulieni saa ya kengele, hazizidi pauni chache. Kwa wanaofanya zamu za usiku kama mimi hili ni gumu. Nyumbani kwangu tulikubaliana kwamba mtoto mkubwa ndiye anayekusanya simu saa tatu na nusu usiku na kunitumia picha ya meza kabla hajaiweka ya kwake. Siku nyingine picha haiji. Nikitoka kazini asubuhi nauliza kwa nini, tunaongea, tunaanza tena usiku unaofuata.

Mwisho, kwa mzazi ambaye mwanawe ameanza kuumwa tumbo kila asubuhi: mpeleke kwa daktari kama kawaida, apimwe, usianze na simu. Ila mkiwa kliniki usikatae daktari au muuguzi akiomba abaki naye dakika chache peke yao. Na shuleni ulizia kama wana muuguzi wa shule. Anaweza kuongea na mtoto, na kama Kiingereza kinakusumbua una haki ya kuomba mkalimani wa kulipwa na hospitali, ili siku hiyo mtoto asiwe yeye wa kutafsiri habari zake mwenyewe.